Siku Baba Alipolala Kaburini

Ilianza Jumapili, saa nane na robo mchana. Baba, ambaye ni kamanda wa polisi wa mkoa, alikuwa ananirudisha shule ya bweni Mpwapwa. Njiani simu yake ikaita. Akasikiliza, akamwambia dereva, "Ongeza mwendo."

Kijiji kimoja kabla ya Mpwapwa tukakuta mawe barabarani. Kijana mkulima alikuwa ameuawa kwa ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye alizeti yake, na muuaji ametoroka. Kaburi lilishachimbwa pale kwao, jeneza liko juani, ndugu wamegoma kuzika mpaka muuaji apatikane. Vijana wameshika fimbo. Askari nao wameshika mabomu ya machozi.

"Afande, tuwatawanye?"

"Utatawanya msiba?" Baba akavua kofia, akaniwekea mapajani. "Usishuke."

Akaenda peke yake. Nilitaka kumwita, nikaishia kuikumbatia kofia. Mimi hata darasani nikiulizwa swali naangalia viatu.

Shangazi wa marehemu akamzuia. "Wee Mhehe! Umefuata ugali wa msiba?"

Sisi Wahehe na Wagogo ni watani, na mtani msibani hakasirikiwi. Lakini siku hiyo nani angekumbuka? Baba akateremka kaburini na magwanda yake, akalala chali.

"Nimewahi nafasi! Wagogo mmechimba vizuri. Sitoki!"

Kijana mmoja akasogea ukingoni na jembe. Nikafumba macho.

"Mtoeni huyo," nikamsikia shangazi, "kitambi chake kitatubomolea kaburi!"

Watu wakacheka huku wanalia. Baba alipoongea tena hakuwa anatania. "Mzikeni mtoto. Muuaji nisipomleta, nirudisheni humu humu."

Wakazika. Baba akabaki na askari wake, dereva akanifikisha shule. Ndipo nikaona kofia bado ninayo. Usiku kucha niliwaza lile jembe.

Asubuhi yake nikagonga mlango wa matroni, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaomba simu.

"Shikamoo baba. Wamekurudisha kaburini?"

"Marahaba." Sauti ilikuwa imemkauka. "Bado. Tumemkamata stesheni ya Gulwe, anasubiri treni."

"Kofia yako ninayo."

"Basi ivae uingie nayo darasani."

Sikuthubutu. Niliifunga kwenye kanga, nikaiweka chini ya mto, nikakimbilia mstarini.