Fomu imemjibu Mama Jeneroza

Leo nimemdanganya mama wa watu, na sikukusudia.

Natengeneza tovuti ya Warundi wanaotafuta ndugu waliopotezana nao. Nimeweka wijeti, kile kipande cha ukurasa chenye fomu na kitufe cha kutuma.

Mama Jeneroza kaja ofisini kwetu, mtaa wa Kasingirima, kutoka kambi ya wakimbizi, kwa kibali cha siku moja. Nikamwambia tuijaribu. Akataja jina la mwanawe aliyepotea, nikaliandika, akabonyeza kitufe mwenyewe.

Kioo cha kompyuta kikaandika: “Ujumbe wako umefika.”

Akakaa chini. “Umefika? Basi yu hai.”

Jamani, sentensi hiyo niliiandika mimi jana, nikinywa chai.

Mngemwambia nini?

Nilianza kumweleza, akanikatiza. “Mwandikie tena, mwanangu. Mwambie mama yupo.”

Nikaandika. Kioo kikajibu vilevile.

Tovuti yenyewe bado sijaichapisha. Hakuna anayeiona ila mimi.