Mzunguko Ulionipita

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ndiyo sababu waandaaji wa mbio za pikapu hapa Machakos waliniomba niwahesabie mizunguko. Nilikubali kwa maringo. Uwanja ni duara fupi la udongo, na madereva walipaswa kulizunguka mara thelathini.

Katikati ya mbio, shemeji yangu kutoka Masii alikuja kunisalimia. Nikasimama, nikampa mkono, nikamuuliza habari za watoto. Nilipoketi, sikuwa na hakika kama pikapu nyekundu ya Mutua ilikuwa imepita. Ningemuuliza jirani, lakini niliona aibu. Nikaamua haijapita.

Mwishowe nikatangaza kwamba Kioko, wa pikapu nyeupe, ndiye mshindi. Mutua akaja mezani, kofia ya mbio mkononi.

"Mwalimu, hebu hesabu tena."

"Karatasi haidanganyi," nikamjibu kwa sauti ile ya darasani.

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akageuka kuondoka. Nilijua moyoni kwamba huenda nimemdhulumu, na bado nilinyamaza, maana watu walikuwa wengi.

Kisha Kioko akaja na kikombe chake cha ushindi. Nilimfundisha zamani, kwa hivyo aliongea polepole, kwa heshima, mbele ya wote.

"Mwalimu, Mutua alikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Sijampita hata mara moja," akasema, akijipangusa uso kwa kiganja. "Hili vumbi lote ni lake."