Maji ya Mto na Maji ya Chumvi

Miaka ya tisini shangazi yangu Tecla alikuwa mchumaji wa majani chai karibu na Kericho, na jioni alikimbia katika timu ya shamba. Zoezi lililowatesa zaidi lilikuwa la kilima: kupanda mbio kutoka mtoni hadi kiwandani, kushuka, kupanda tena, mpaka miguu itetemeke.

Wakimaliza, Tecla alirudi mtoni akaketi kwenye maji baridi yaliyomfika kiunoni. Rafiki yake Aoko, aliyetoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, hakutaka hata kumtazama. Yeye alichemsha maji, akatia chumvi, akajikanda miguu kwa kitambaa.

"Hiyo baridi itakukaza misuli, Tecla."

"Na wewe utaiva kama nduma."

Walibishana hivyo msimu mzima. Asubuhi kila mmoja alijikaza kutembea wima mbele ya mwenzake, ingawa wote wawili walishuka ngazi za kambi ya wafanyakazi, walikoishi, kinyumenyume kwa maumivu. Mwishowe wakabadilishana. Aoko aliingia mtoni akipiga mayowe hadi watu wakaja mbio kuona nani anazama. Tecla naye alikandwa na Aoko, akasinzia palepale kitini. Kesho yake waliumwa vilevile.

Halafu, wiki ya mashindano ya mkoa, mvua ya mawe ikapukutisha mashamba yote. Hakukuwa na majani ya kuchuma, kiwanda kikanyamaza.

"Hakuna mazoezi," kocha wao Bethwel akawaambia. "Kuleni, mlale."

Wakanywa mursik, maziwa lala kutoka kwa mama yake Tecla, wakala omena za Aoko, dagaa wa kwao ziwani, wakalala mchana kama watoto wachanga. Walipofika uwanjani, miguu ilikuwa miepesi ajabu.

"Tuliongoza sisi wawili," shangazi husimulia. "Kwenye kona ya mwisho Aoko akanipita. Nilipomaliza akanikumbatia, tukaanguka wote kwenye nyasi, tunacheka na pumzi hatuna."

Mwaka uliofuata Aoko aliolewa kwao. Tecla alimsindikiza mpaka steji ya mabasi ya Kericho, akambebea sufuria zake. Alikimbia msimu mmoja zaidi, kisha akaacha.

"Kukimbia nilikuwa bado naweza," ananiambia. "Kurudi kambini peke yangu ndiko kulikonishinda."