Shangazi Anataka Mhasibu, Mimi Nimechagua Ubao

Admin, jina langu lifiche, lakini mji uache ulivyo: ni Gisenyi, huku Rwanda, mpakani na Goma. Kama kuna mtu wa hapa atanitambua, anitambue tu, nimechoka kunong'ona.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, wa kwanza kwa wazazi wangu. Nimemaliza mwaka wa tatu wa sekondari, matokeo yametoka, nimefaulu vizuri na nimepangiwa chuo cha ualimu. Ndilo lilikuwa chaguo langu la kwanza na nililiweka mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Nyumbani habari hiyo imepokelewa kama msiba.

Nieleze kwanza kwa nini ualimu. Nilizaliwa Goma, tukahamia huku nikiwa na miaka saba. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza. Siku ya kwanza darasani niliomba kwenda chooni kwa Kiswahili, watoto wakacheka mpaka nikajikojolea pale pale kwenye benchi. Mwalimu hakucheka. Alinitoa nje, akanivua sketi, akanifunga kitenge chake mwenyewe, kisha akarudi akafundisha darasa zima kuomba ruhusa kwa lugha zote mbili, wakarudiarudia mpaka kengele. Siku ile nilijua nitakuwa nani. Na sikungoja nimalize shule ndipo nianze kufikiria. Tangu mwaka wa kwanza wa sekondari, kila likizo nakaa na watoto wa akina mama wanaovuka mpaka pale Petite Barrière kwenda Goma na mboga. Nawafundisha herufi kwa chaki juu ya mawe meusi ya ukuta wetu. Nimejizoeza kuandika nimesimama, mstari ukanyooka bila kupanda mlima. Wenzangu walikuwa wanacheza, mimi nilikuwa kazini, ila mshahara tu ndio haukuwepo.

Sasa kuna shangazi, dada yake baba. Ana duka la vitenge Goma, na kwetu neno la shangazi halijibiwi. Siku zote alisema nitasomea uhasibu nimshikie duka. Kabla ya matokeo alikuja na mashine kubwa ya kuhesabia, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, akanikabidhi mbele ya ndugu wote. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, watu wakapiga makofi. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Katika ukoo wetu ukipokea zawadi hivyo mbele ya wakubwa, umekubali na maneno yaliyokuja nayo. Mimi nilidhani naonyesha adabu tu!

Jumapili iliyopita shangazi alivuka mpaka, tukaitwa sebuleni.

"Bon," akaanza, "nasikia mutoto yetu anaenda kula chaki."

"Ni mimi nilichagua, shangazi."

"Ulichagua na nani? Ulipokea zawadi yangu mbele ya batu, leo unanifanya mi muongo?"

Baba akadakia, "Ulitudanganya."

Nikamjibu. "Baba, sikudanganya. Mulisema tu. Hamukuniuliza hata siku moja."

Mdogo wangu alitazama chini. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu baba hivyo mbele ya dada yake. Shangazi akacheka kile kicheko chake cha dukani, cha kumfukuza mteja asiye na pesa.

"Mwalimu! We ulishaona mwalimu gani mwenye kuvaa kitenge ya maana?"

"Nilimuona, shangazi. Alikivua, akanifunga mimi nikiwa na mkojo."

Sijutii. Niliona uso wake ukibadilika na moyoni nilifurahi, nasema ukweli. Lakini furaha yangu haikufika hata jioni.

Maana mama yangu anauza nyanya Goma, na meza yake iko mbele ya duka la shangazi. Shangazi alipoinuka kuondoka alimgeukia mama, akasema taratibu, "Wifi, huyu mutoto akienda kwenye hiyo chuo yake, meza yako utafute pahali ya kuiweka." Baba alisikia, akajifanya anatafuta viatu vyake.

Nilimfuata mama jikoni. Nilitaka anigombeze, ingekuwa rahisi. Aliendelea kumenya viazi, akaniambia bila kunitazama, "Ningekuwa na pahali ingine, ningekushika mukono nikupeleke mi mwenyewe. Lakini nitauzia wapi, mwanangu?" Nililia. Nalia hata sasa ninapoandika. Ila machozi yangu yasiwadanganye, hayajanibadilisha.

Masomo yanaanza wiki ijayo na sanduku langu liko tayari. Ile mashine ya kuhesabia sijaigusa, iko ndani ya boksi lake. Kesho nitavuka Petite Barrière niirudishe kwa mikono miwili, mbele ya wateja wake, vilevile nilivyoipokea. Asiseme nilimwibia au nilimficha kitu.

Najua kuna watakaoniandikia kwamba ualimu haulipi, niwe mtoto mtiifu, nisomee uhasibu halafu nitafundisha uzeeni. Hifadhini bando zenu. Hilo sikuuliza. Mtoto atakayeketi kwenye lile benchi bila lugha hawezi kunisubiri nizeeke.

Ninaloomba ni hili, na nawaomba hasa nyinyi mnaouza Goma, mnaovuka mpaka alfajiri na kurudi jioni. Mama yangu hana deni la mtu, hagombani na jirani, nyanya zake ni nzuri. Nani ana nafasi ya meza moja pembeni yake? Na kama haipo, nishaurini, nimfanyie nini mama yangu? Maana ubao siuachi.