Magoti ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliacha kunywa chai. Tulidhani ni tumbo, tukamnunulia dawa, kumbe mama wa watu anaogopa choo. Choo chetu pale mjini, mtaa wa Kikuyu, kilikuwa cha kuchuchumaa, na magoti yake yalikwisha kumgomea. Siku moja alishindwa kuinuka, mke wangu akamkuta kashikilia ukuta analia. Tangu hapo akawa anashinda na kiu makusudi, asije akahitaji kwenda.

Mimi ni mkwe. Kwao Kongwa, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Akinisikia nakohoa uani alikuwa anageukia ukutani. Nisingeweza kumshika mkono, wala kumuuliza goti linauma wapi. Roho iliniuma, maana alinipa binti yake nikiwa sina mbele wala nyuma.

Miaka ile serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa, nikapata kazi kwa mchoraji majengo binafsi. Alikuwa na kompyuta yenye programu ya ajabu: ndani yake mna mtu, unamkunja viungo, unamkalisha, unamwinua, unaona kama jengo linamfaa. Mtu mwenyewe kijana mrefu, magoti mepesi, kana kwamba majengo yote hujengewa wacheza mpira. Nikaona hapa ndipo pa kumtazama mama bila kumtazama. Mke wangu akampima kwa futi ya cherehani, akinitajia namba kutoka nyuma ya mlango. Kazini nikamfupisha yule kijana, nikamvika umbo la mama, nikamkaza magoti, nikamchuchumaza. Hakuweza kuinuka. Wenzangu wakaja kutazama, tukabishana chuma cha kushikia kikae wapi na kiti kiwe na kimo gani.

Fundi akajenga choo kipya cha kukalia. Mama akarudia chai yake, na asubuhi nikawa namsikia jikoni akicheka na mwanawe. Nilijiona bingwa.

Mke wangu, kwa kunisifu tu, akamsimulia yote. Jioni ile mama hakula. Kesho yake nilimsikia akisema, "Mkwe wangu ana moyo mzuri, Mungu ambariki. Lakini amenichuchumaza mbele ya wanaume. Nirudisheni kwangu."

Hakubembelezeka. Tukampandisha basi, akaondoka kajifunika khanga usoni. Ofisini nikamfuta yule mama wa kwenye kompyuta, sikubakisha hata mguu. Nikamtuma mke wangu Kongwa akamwambie kwamba hayupo tena.

Alimkuta amekonda, midomo imekauka. Choo cha kule kilikuwa shimo na magogo mawili, naye alikwisha kuacha tena kunywa; mvua za mwaka ule hazikumkuta hai. Lakini siku ile alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akanitumia salamu za heri. Kisha akauliza, "Na wale waliokwisha kuniona?"