Mbwa Aliyeitikia Toka

Aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, mpaka mwanangu Zuhura akaniambia, Mama, ieleze mwenyewe kabla wengine hawajaieleza vibaya (na wameshaieleza, nasikia huko Al Mansoura, mtaa mwingine wa Doha, kuna watu hata siwajui wananiita Bibi Toka). Basi naieleza, nanyi chekeni mmalize.

Mzee wangu alipofariki, Zuhura alisema sitakaa peke yangu Tanga. Akanileta Doha, nikaja kukaa peke yangu Al Wukair, nje ya mji. Yeye ni msimamizi wa usafi hotelini, anaondoka alfajiri anarudi magharibi imeshaingia, mimi nabaki na kiyoyozi kinanguruma. Majirani ni watu wema, tunasalimiana salaam aleikum na maneno yanaishia hapo, maana Kiarabu changu ni cha msahafuni na wao hawaongei kama msahafu.

Siku moja akaniletea mbwa. Pitbuli. Kichwa kama jiwe la kusagia, sikio moja limekatwa, shingoni kovu la mnyororo, aliokotwa amefungwa kwenye shamba lililohamwa. "Mama, upate wa kushinda naye," anasema. Mimi, niliyezaa watoto sita, naletewa mbwa wa kushinda naye. Nikamwambia amrudishe alikomtoa. Akasema ni wa majaribio tu, miezi miwili, mama wa Kizungu aliyemwokoa atakuja kutazama kama sisi ni watu wa kufuga, akiona sivyo anamchukua. Nikasema vizuri, aje hata kesho.

Masharti yalikuwa kwenye karatasi, Zuhura akanisomea: asitoke bila kamba, mdomo uvikwe kikapu chake cha kuzuia kung'ata kabla ya kufika barabarani, na geti lisifunguliwe kabla mbwa hajafungiwa ndani. Jina lake Bruno. Mimi sikuona sababu ya kumwita mbwa kwa jina la mtu, nikawa na neno langu moja tu. Akichungulia jikoni, toka. Akisogelea mswala, toka, nina udhu. Nikisukuma chapati akaja na yale macho yake, toka, namtupia kipande uani akakilie huko. Sikumgusa hata siku moja, na bafuni niliweka kopo la mchanga, maana mate ya mbwa ni kuosha mara saba, mojawapo kwa mchanga, na mimi sibahatishi dini yangu.

Lakini kusema naye nilisema. (Msinitazame hivyo. Mtu akishinda siku nzima hajafungua mdomo, sauti inaota kutu.) Yeye alilala upande wa pili wa kizingiti cha jikoni, mimi upande huu nachambua mchele, namweleza goti langu, namweleza marehemu alivyokuwa anakataa kuvaa miwani. Alisikiliza vizuri kuliko marehemu.

Siku ya yule mama kuja ilikuwa Ijumaa, saa tano, Zuhura aliomba ruhusa kazini ili waje pamoja. Nikafagia, nikatawadha mapema, nikaona mfuko wa taka una vichwa vya samaki unanuka. Pipa liko ng'ambo ya barabara, hatua ishirini. Mbwa kalala kivulini. Nikajiambia, kumfungia ndani kwa hatua ishirini ni kujisumbua. Nikatoka, nikarudishia geti, sikukomea. Ni hapo tu nilipokosea, mengine yote yalijileta yenyewe.

Sijafika katikati ya barabara nikamwona mzee jirani, kanzu nyeupe pe, anakwenda msikitini, kasimama kama mti na macho kayatoa. Natazama, mbwa yuko mbele yake, hana kamba, mdomo wazi, ananusa pindo la kanzu. Nikapiga ukelele, "Toka!"

Akageuka akanijia mbio.

Nikasema toka, toka, naye kila nikisema anaongeza mwendo, mkia unapiga huku na huku, nami na udhu wangu nikaona nikimbie, bibi wa watu na goti bovu, mfuko ukapasuka, vichwa vya samaki vikatawanyika barabarani, wanaume wa Ijumaa wananyanyua kanzu wanaruka, ushungi umenianguka mabegani. Nikakimbilia kwa Wafula, Mkenya anayelinda geti la nyumba za ng'ambo, ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa ananisalimia kwa Kiswahili, bibi kwao ni shosho.

Wafula akatoka na kiti chake cha plastiki. "Shosho, kaa nyuma yangu. Wewe! Toka hapa! Toka!"

Mbwa akaniacha, akaenda kukaa miguuni kwa Wafula, mdomo wazi, anangoja chapati. Wafula akapanda juu ya kiti.

"Toka, nimesema!"

Mbwa akapandisha miguu ya mbele kwenye kiti.

"Shosho, huyu hasikii Kiswahili?"

"Anasikia. Ndilo jina lake."

"Jina gani?"

"Toka."

Akanitazama kutoka kule juu. "Sasa nikitaka aende nimwambie nini? Karibu?"

Na ndipo gari la Zuhura likasimama.

Yule mama akashuka, akaita Bruno, Bruno, mbwa hata sikio hakugeuza. Wafula, bado yuko kitini, akamweleza kwa Kiingereza (nani alimwomba?). Mimi Kiingereza sijui, ila uso wa mtu aliyeambiwa jambo baya juu ya mtoto naujua. Akamuuliza Zuhura. Zuhura akatazama chini.

"Mama, anauliza kama ndivyo anavyoambiwa kila siku. Kwamba aondoke."

Nikasema, "Mwambie ndiyo." Sisemi uongo, tena Ijumaa.

Yule mama akamvisha mbwa kamba, akamvisha kikapu cha mdomo, akamwingiza garini, na mbwa akageuza shingo akanitazama. Nilijua neno moja tu la kumfanya arudi, na lilikuwa lilelile la kumfukuza. Sikulisema. Kukimbia mbele za watu si kitu, aibu yangu hasa ni kule kunyamaza.

Siku tisa nilichambua mchele nikitazama kizingiti. Chapati ilikuwa inazidi moja kila siku, naikunja naiweka. Siku ya tisa Zuhura aliporudi nikamwambia, "Mwambie yule mama nataka kufundishwa."

"Kufundishwa nini?"

"Kumfunga kamba. Usiniulize mara mbili."

Nikaenda. Nikamshika kwa mikono hii, kichwa kile kama jiwe, kumbe kina joto. Yule mama alisimama mikono kifuani mpaka nilipomvisha kikapu mwenyewe bila kukosea, mara tatu, ndipo akamwachia, akasema tu mbwa afundishwe jina jipya. Tumejaribu. Hataki.

Siku hizi simfungulii geti mpaka kamba iko mkononi na mdomo umefungwa, na asubuhi kabla ya jua kuchoma tunapita, Wafula ananyanyuka kitini anasema, "Shosho, Toka hajambo?" Kopo la mchanga nalijaza kila wiki. Na nimeapa, neno lile silitamki tena kwa kufukuza, si kwa mtu si kwa mnyama, hujui nani atalichukua akadhani ni lake.

Alfajiri Zuhura akiwa mlangoni na mkoba wake husema, "Mama, natoka." Mbwa huinua kichwa, akatafuta nani kamwita. Mlango ukishafungwa, anakuja kulala kizingitini kwangu.