Kucha Kwanza, Kidole Baadaye

Wodini walimwita Bwana Kipimo, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa muuguzi wa miaka kumi na tisa kazini, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, hata chumvi ya mboga. Kila muuguzi mgeni aliyepita mikononi mwake alifundishwa wimbo ule ule: kabla hujambana mgonjwa kidoleni kwa kile kidude cha kupimia oksijeni, mtazame kucha. Zikiwa na rangi, kidude kitakudanganya, kitakuambia mtu mwenye afya anakufa. "Kucha kwanza, kidole baadaye," alisema, na wageni walimwigiza wakati wa chai wakishika mbavu.

Hayo yalikuwa kabla ya maradhi. Maradhi yalipoingia, kicheko kilihama wodini, na vitanda kumi na viwili vikawa thelathini. Mwezi wa tatu alimpoteza mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mcheshi, aliyesahihisha madaftari kitandani hadi pumzi zikamkatalia. Bwana Kipimo alimshika mkono saa nne nzima huku akitazama namba zikishuka: tisini na moja, themanini na nne, sabini na saba. Baada ya hapo hakutazama tena, ingawa mkono hakuuachia. Kesho yake alirudi kazini. Mkuu wa wodi alipomuuliza hali, alijibu, "Tunasukuma tu, dada."

Uongo mtupu. Hakuwa anasukuma, alikuwa anasukumwa. Njiani kulikuwa na geti lililoandikwa 77, akaanza kuzunguka mtaa mzima ili asilipite. Kabla ya kila mlo alinusa kipande cha sabuni, ajue kama pua bado inasikia harufu. Mikono aliisugua mpaka ikachanika. Na hofu yenyewe ilikuwa moja tu: binti yake wa miaka minane, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na hakika kwamba ipo siku atamletea maradhi yale nyumbani, na namba zile zitashukia kwenye kidole kidogo.

Kwa hiyo alihamia stoo ya uani, akachora mstari wa chokaa sakafuni. Yeye huku, mkewe na mtoto kule. Sahani yake iliwekwa juu ya mstari, na anayeileta arudi nyuma kwanza ndipo yeye aichukue.

"Baba Kasuku, utarudi lini ndani?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Yakiisha."

"Yakiisha ya hospitali, au yakiisha ya kichwani mwako?"

Akaivuta sahani yake, akaendelea kula.

Jumamosi moja asubuhi, siku yake ya mapumziko, Kasuku alikuja kwenye mstari akikohoa. Alikohoa mara mbili. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, Bwana Kipimo angesema apewe maji. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alichomoa kidude mfukoni, akakisukuma sakafuni kikavuka mstari.

"Kibane kidoleni. Nisomee."

Tangu alipofika, Kasuku alikuwa ameficha mikono kwapani. Alisita, akampa baba yake kisogo, akajibana haraka haraka.

"Themanini na mbili, baba. Nimefaulu?"

Bwana Kipimo hakuona kwamba mtoto anacheka. Hakuona kwamba amesimama kwa mguu mmoja, na mtu wa themanini na mbili hasimami kwa mguu mmoja. Hilo angekwambia hata usingizini. Aliona sabini na saba inakuja. Aliuvuka mstari aliouchora mwenyewe, akambeba mtoto kifuani, akatoka mbio miguu mitupu.

"Amepaliwa na mkate!" mkewe alipiga kelele nyuma yake. "Baba Kasuku! Alikuwa anakula mkate!"

Hakusimama. Lile geti la 77 alilipita bila kuzunguka, akihesabu pumzi za mtoto kwa sauti.

Hospitalini wenye dalili walikuwa na mlango wao. Ukishaingia hutoki kabla ya siku kumi, na ndani walikaa bega kwa bega, wakikoholeana. Mlangoni alisimama muuguzi mgeni, binti wa miezi minne kazini, aliyefunikwa utosini hadi unyayoni. Bwana Kipimo ndiye aliyemfundisha.

"Themanini na mbili! Fungua!"

Yule binti alishika komeo. Amri ya mkubwa ni amri. Kisha akaliachia, akautazama mkono mdogo uliong'ang'ania kola ya baba.

"Mzee, subiri."

"Nisubiri nini? Afe?"

Yule muuguzi alivikunjua vile vidole. Kucha zote tano zilikuwa za bluu nzito, rangi imemwagika hadi kwenye ngozi. Alimvua Kasuku kandambili, akakibana kidude chake kwenye kidole cha mguu, wakangoja wote watatu. Tisini na nane.

"Ni rangi ya shangazi," Kasuku alinong'ona. "Msimwambie mama."

"Kucha kwanza..." yule binti alianza. Hakuwa anaigiza.

Bwana Kipimo alitazama ule mlango. Ilibaki hatua moja. Mtoto mzima, asiye na homa wala mafua, angemwingiza mle kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa chini kwenye saruji, na meno yakaanza kugongana kama mtu aliyetolewa mtoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na safari hii alichokiogopa ni yeye mwenyewe.

Yule binti alichuchumaa, akambana kidude. Oksijeni tisini na tisa. Mapigo ya moyo mia moja arobaini na sita.

"Tangu lini, mzee?"

Alitaka kusema tunasukuma tu.

"Tangu mwalimu," alisema. "Bado nimemshika mkono." Akalia kwa sauti, mbele ya mwanawe na foleni nzima.

Muuguzi aligeuza uso kuelekea ofisini. "Dada mkuu! Njoo, nina mgonjwa hapa."

"Mimi siumwi!" Kasuku aliruka. "Ni rangi tu!"

"Si wewe, mama," alimjibu, na mkono wake haukutoka begani kwa Bwana Kipimo.